Mtu Asiye na Mtu: Maana na Kusudi la Miujiza katika Imani ya Kikristo

(Mada iliyotolewa katika wiki ya maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya Maadhimisho imenikabidhi mada iliyo nzito, nami naishukuru kwa heshima hiyo. Sidhani kwamba Kamati iliichagua kwa bahati tu. Mtu akitoka hapa Kurasini na kuifuata Barabara ya Kilwa kupitia Mtoni hadi Mbagala, atayaona mabango mengi yakimwahidi muujiza siku fulani, saa fulani, katika uwanja fulani. Vijana wetu wanayaona, na wagonjwa wetu pia wanayaona. Wengine hutoka katika ibada yetu ya asubuhi na kwenda jioni kutafuta huko wanachodhani kwamba hapa hakipo. Hivyo swali la miujiza si la vitabu vya chuoni peke yake. Ni swali la mama aliyeketi katika benchi la tatu akiwa na cheti cha hospitali ndani ya mkoba wake.

Maneno mawili: muujiza na ishara

Neno "muujiza" limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni jambo linalomshinda mwanadamu, lililo nje ya uwezo wake. Hayo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Mwinjilisti Yohana anapenda neno jingine, nalo ni ishara. Baada ya arusi ya Kana anatuambia kwamba Yesu alifanya hapo mwanzo wa ishara zake, akaudhihirisha utukufu wake, nao wanafunzi wakamwamini (Yn 2:11).

Tofauti ya maneno haya ni kubwa. Muujiza hutufanya tushangae. Ishara hutuonyesha njia. Msafiri aendaye Morogoro akikuta kando ya barabara kibao kilichoandikwa jina la mji huo, hafungui mizigo yake na kulala chini ya kibao. Hukisoma, akashukuru, akaendelea na safari. Watu waliokula mikate wakashiba walimtafuta Yesu kesho yake, naye akawaambia wazi kwamba hawamtafuti kwa sababu waliona ishara, bali kwa sababu walikula wakashiba (Yn 6:26). Hakukana kwamba walikuwa na njaa. Aliwalisha kwanza, ndipo akawaonya. Lakini hakukubali kuwa mfalme wa mikate.

Tena Maandiko yanatufundisha kwamba kutokea kwa jambo la ajabu peke yake hakumalizi maneno. Waganga wa Farao nao waligeuza fimbo zao kuwa nyoka (Kut 7). Na Kumbukumbu la Torati sura ya 13 inafika mbali zaidi: nabii akitoa ishara, na ishara hiyo ikatokea kweli, bado watu wa Mungu hawana budi kuuliza anawapeleka kwa nani.

Samunge, mwaka 2011

Wapendwa, jambo hili sisi Walutheri wa Tanzania tunalijua kwa karibu, kwa maana lilitokea katika nyumba yetu wenyewe. Mwaka 2011 macho ya Afrika Mashariki yote yalielekea katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro. Huko mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapila, ambaye watu walimwita Babu wa Loliondo, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo kwa ndoto. Ilitajwa kwamba kikombe kimoja kinaponya kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na hata UKIMWI. Bei yake ilikuwa shilingi 500.

Tuseme haki. Mzee yule hakujijengea jumba la kifahari, wala hakuzunguka mijini kutafuta watu. Watu ndio waliomfuata. Wakristo na Waislamu, mawaziri na wachuuzi, walikunywa kikombe kilekile. Wapo viongozi wa Kanisa waliomuunga mkono hadharani, na wapo waliosita. Alifariki Julai 2021, nasi tunamwachia Mungu mtumishi wake. Sikusimama hapa kumhukumu marehemu.

Lakini tuyaangalie yaliyotokea. Foleni ya magari ilifika kilometa nyingi katika njia mbaya. Nauli ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya kikombe. Wapo wagonjwa walioondolewa vitandani hospitalini wakapelekwa huko. Mwishoni mwa Machi 2011 iliripotiwa kwamba zaidi ya watu 50 walikuwa wamekwisha kufa wakiwa katika safari hiyo au wakingoja zamu yao, na Mchungaji mwenyewe akaomba watu wapya wasije kwa siku kadhaa mpaka msongamano upungue. Madaktari nao walilia kwamba wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa zao. Hakuna uthibitisho wa kitabibu uliopatikana kwamba kikombe kile kilimwondolea mtu virusi vya UKIMWI.

Kuna jambo moja katika habari ile ambalo mwanatheolojia wa Kilutheri hawezi kulipita kimya. Ilielezwa kwamba dawa haifanyi kazi isipokuwa imenywewa pale pale Samunge, kutoka mkononi mwa mchungaji yule. Sisi tunaungama, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kwamba hata Sakramenti hazipati nguvu kutoka kwa mhudumu anayezitoa, bali kutoka katika Neno na agizo la Kristo. Ikiwa Meza ya Bwana yenyewe haiutegemei mkono wa mchungaji, kikombe gani kingine kiutegemee? Yule akida wa Kapernaumu alijua vema zaidi: hakumtaka Yesu aje nyumbani kwake, alitaka neno lake tu, na mtumishi wake akapona kutoka mbali (Lk 7:1-10).

Na bado, ndugu zangu, tusiwacheke waliokwenda. Foleni ile ilikuwa kipimo cha upungufu wetu sote. Watu hawalali njiani siku nne kwa sababu ya upuuzi. Hulala njiani kwa sababu ugonjwa umewachosha, hospitali iko mbali, dawa ni ghali, na nyumbani wamekwisha kuwa mzigo. Mtu mwenye wa kumtunza huvumilia. Asiye na mtu hukimbilia popote anapoitwa.

Birika la Bethzatha

Hapo ndipo ninapoomba tufungue Injili ya Yohana sura ya 5. Yerusalemu palikuwa na birika lenye matao matano, na katika matao hayo walilala wagonjwa wengi: vipofu, viwete, waliopooza. Iliaminika kwamba maji yakitibuliwa, anayeingia kwanza ndiye anayepona. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38. Yesu alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, yule mtu hakujibu ndiyo wala siyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijaribu kwenda, mwingine humtangulia.

Hebu tulitafakari birika lile. Kama uponyaji ni wa anayewahi, basi anayepona ni yule mwenye nguvu kuliko wenzake, au mwenye jamaa wa kumbeba. Aliye mgonjwa kabisa ndiye anayebaki. Huo ni utaratibu wa ajabu: unampa dawa asiyeihitaji sana, na kumnyima anayeihitaji kuliko wote.

Yesu alifanya nini? Hakumsaidia yule mtu kuwahi. Hakumsukuma mwingine ili yeye apite. Hakuyatumia yale maji hata kidogo. Alimwendea aliyekuwa wa mwisho, akazungumza naye, akamwambia ainuke, ajitwike godoro lake, aende. Muujiza wa Yesu uliivunja foleni. Aliyekosa mtu alipata Mtu.

Sasa tulinganishe. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu waliambiwa wakanyage mafuta yaliyowekwa wakfu. Umati ulisukumana kuyawahi, na watu 20 walikufa kwa kukanyagwa, wakiwamo watoto. Lile lilikuwa birika la Bethzatha kabisa: heri mwenye miguu yenye nguvu, ole wake mtoto na mama mjamzito. Na hapa hapa wilayani kwetu Temeke, mwezi Julai 2024, Serikali ililifutia usajili kanisa moja huko Buza, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuwatoza watu fedha ili waombewe. Hapo foleni haipangwi kwa miguu bali kwa mfuko. Lakini ni foleni ileile: mwenye nacho hutangulia, asiye nacho hubaki katika matao.

Basi natoa kipimo cha kwanza, ambacho hata mtoto wa Kipaimara anaweza kukishika: muujiza wa Kristo humfikia wa mwisho. Panapodaiwa muujiza, na wa mwisho akakanyagwa au akatozwa, tuwe na mashaka makubwa.

Makusudi ya miujiza

Kutokana na habari hii na nyinginezo naona makusudi matatu.

La kwanza, muujiza hutuonyesha Mungu alivyo. Yesu alikataa kugeuza mawe kuwa mikate kwa ajili ya njaa yake mwenyewe, na akakataa kujitupa kutoka hekaluni ili watu washangae (Mt 4). Lakini aliwahurumia wenye ukoma, wajane na wafiwa. Hakufanya hata muujiza mmoja kwa ajili ya kujitangaza au kwa faida yake. Muujiza ni huruma ya Mungu ikionekana kwa macho.

La pili, muujiza humrudisha mtu kwa watu. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyekuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu, angeweza kuondoka kimya akiwa mzima. Yesu alimsimamisha mbele ya umati, akamwita binti (Mk 5:25-34). Mwili wake ulikuwa umekwisha kupona. Ila jina na nafasi yake kati ya watu vilikuwa bado. Vivyo hivyo wale kumi wenye ukoma aliwaagiza wakajionyeshe kwa makuhani (Lk 17:14). Kwa sheria ya Musa kuhani ndiye aliyemkagua mgonjwa na kuthibitisha kwamba amepona. Zingatieni jambo hili, wapendwa: Yesu hakuogopa uponyaji wake uchunguzwe. Aliwatuma wenyewe wakachunguzwe. Anayekuzuia usirudi kwa daktari kupimwa, kwa sababu eti ni kukosa imani, hatembei katika njia ya Yesu.

La tatu, muujiza ni limbuko. Lazaro alifufuliwa, na baadaye alikufa tena kama sisi tutakavyokufa. Mikate ya jangwani ililiwa, na kesho yake watu waliona njaa. Kila uponyaji wa mwilini ni kionjo cha siku ile ambayo mauti haitakuwapo tena. Anayekionja kionjo na kudhani amekula karamu yote, amejidhulumu.

Ambao hawakuponywa

Sasa nafika mahali ambapo wahubiri wengi hupapita haraka. Katika matao matano walilala wengi, na Yohana anasimulia kuponywa kwa mmoja. Wale wengine je?

Katika huduma yangu nimeketi na wengi wa hao wengine. Nilimtembelea kwa miezi kadhaa mama mmoja aliyekuwa na saratani, akitibiwa kwa mionzi. Alikuwa ameombewa mahali fulani, na hali yake ilipozidi kuwa mbaya aliambiwa kwamba tatizo ni imani yake, au dhambi aliyoificha. Mama yule aliniambia kwamba maumivu ya mwili ameyazoea, lakini neno lile linamnyima usingizi, maana usiku kucha anatafuta dhambi ambayo haijui. Alikufa akiwa ameshika Msalaba na ahadi ya Ubatizo wake. Lakini sitasahau mzigo ule aliotwishwa mtu aliyekuwa tayari amelemewa.

Mtume Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Alipewa neema, akaambiwa inamtosha (2 Kor 12:7-9). Nani atasema kwamba Paulo alipungukiwa imani? Timotheo naye hakuombewa tu tumbo lake. Alishauriwa atumie divai kidogo kwa sababu ya kuugua mara kwa mara (1 Tim 5:23). Na zaidi ya wote, Mwana wa Mungu aliyewaokoa wengine hakushuka msalabani. Ndiyo maana Martin Luther, katika Mahojiano ya Heidelberg ya mwaka 1518, alifundisha kwamba Mungu hatafutwi katika utukufu na nguvu peke yake, bali anajulikana katika mateso na Msalaba. Kanisa linalojua miujiza tu na halijui Msalaba halina neno la kumwambia mgonjwa asiyepona. Na wagonjwa wasiopona ni wengi katika kila mtaa.

Maombi na dawa

Je, basi tusiombee wagonjwa? La hasha! Yakobo anaagiza wazee wa Kanisa waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana (Yak 5:14). Jiji letu limewajua watu waliofanya hivyo kwa unyenyekevu. Miaka ya 1970 alikuwapo Edmund John, mlei wa Kianglikana, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliyeombea wagonjwa na kuwaita watu watubu na kuuacha ushirikina, mpaka alipofariki mwaka 1975. Mungu wetu anaponya hata leo, nami nimeona mambo ambayo daktari alibaki kuyatazama bila maelezo.

Lakini maombi na dawa si wagomvi. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, kisha nabii Isaya akaagiza jipu lake liwekwe mkate wa tini (Isa 38). Baba zetu katika imani walilielewa hili. Kanisa letu lina Hospitali ya Haydom tangu mwaka 1955, na KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 imekuwa tegemeo la maelfu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Wazazi waliotarajiwa kufa wamewalea watoto wao, wamewasimamia katika Kipaimara, wengine wamewapeleka madhabahuni siku ya ndoa. Mtu akiniuliza muujiza uko wapi Temeke, nitamwonyesha hao kwanza. Anayemwambia mmoja wao atupe vidonge vyake anashindana na mkono wa Mungu.

Ishara ya miaka 100

Namalizia kwa usharika wetu. Mmishenari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, na baadaye kule Kisarawe misheni ikawatunza watumwa waliokombolewa, watu ambao kwa hakika hawakuwa na mtu. Vita Kuu ilipokuja na wamishenari wa Kijerumani wakaondolewa, walimu na wainjilisti Waafrika waliishika kazi kwa mikono mitupu. Hapa Kurasini tumeona bandari ikipanuka, nyumba za washarika zikibomolewa, jirani wakihamia Mbagala na Kigamboni. Bado kengele inalia. Hiyo nayo ni ishara.

Lakini ishara lazima ielekeze mahali. Napendekeza kwa heshima, mbele ya Baba Askofu na Baraza la Wazee, kwamba karne ya pili ya usharika huu ianze na mambo manne. Kila jumuiya ya nyumba kwa nyumba iwe na orodha ya wagonjwa wake, na ijulikane nani anampeleka nani kliniki. Wagonjwa waombewe hadharani katika ibada, bila malipo, bila kuahidiwa siku wala saa. Asisimame mtu kutoa ushuhuda wa kupona ugonjwa mkubwa kabla hajapimwa, kama Bwana alivyowaagiza wale kumi. Na asiyepona asiachwe, asiulizwe habari za imani yake, bali aketiwe kando mpaka mwisho.

Yule mtu wa Bethzatha alingoja miaka 38 kwa sababu kati ya wote waliopita katika matao yale hapakuwa na mmoja aliyesimama. Kristo alisimama. Sisi tulio mwili wake tumewekwa hapa, kati ya bandari na Barabara ya Kilwa, ili asiwepo jirani yetu hata mmoja atakayesema hana mtu.

Mungu awabariki, aubariki Usharika wa Kurasini, na kuwapa wagonjwa wetu uzima. Amina.